Nani Kazima Taa?

Alasiri ile Filimbi alitoka maktaba na njaa, kichwa kimemjaa majina ya dawa, na kitu pekee alichokitamani duniani ni kuvua viatu. Hakujua kwamba huko mbele, chini ya barabara kuu, mwanamume anayempenda alikuwa amejibanza kwenye kona na pete mfukoni, moyo ukimdunda kama mwizi.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika pale chuoni. Mwaka mzima alikuwa akigawa filimbi ndogo za plastiki katika mabweni ya wasichana, mlango hadi mlango, na aliyethubutu kusema yake imepotea alipewa nyingine pamoja na maneno ya kumkaa kichwani mpaka kufunga muhula. Basi wakamwita Filimbi, naye akaitika.

Pembeni yake alitembea Redio, mwenzake wa chumba kimoja, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akizimwa. Lakini leo Redio alikuwa kimya, na Filimbi, kwa uchovu, hakujiuliza kwa nini.

Chuo kile kilikatwa katikati na barabara ya magari makubwa. Madarasa na maktaba upande huu, mabweni upande ule, na baina yake njia ya chini: handaki la zege ambalo jua haliingii hata adhuhuri. Zamani taa zake zilikuwa zimekufa zote. Filimbi na kamati yake ya usalama walizunguka ofisi hadi ofisi kuziomba, wakaambiwa wasubiri, wakasubiri mpaka wakachoka. Ndipo akaajiriwa fundi umeme mpya, kijana mwenye mabega mapana na sauti ya upole. Hakuwaambia wasubiri. Aliuliza swali moja tu.

"Nani aliumizwa huko?"

"Kuna msichana mmoja," Filimbi alimjibu, akitazama pembeni.

Fundi hakuuliza zaidi. Jioni ile ile alibeba ngazi, na Filimbi akamshikia ngazi isiyumbe. Taa ya kwanza ilipowaka, Fundi alitazama chini, yeye akatazama juu, na wote wawili wakasahau walichokuwa wakisema. Hivyo ndivyo yalivyoanza. Wengine hupendana kwenye muziki na marashi. Hawa walipendana kwenye vumbi la dari.

Kikwazo kilikuwa mama yake Fundi. Hakuwa amemwona Filimbi bado, lakini alikuwa ameshamkataa. "Msichana gani anaitwa kama kifaa cha trafiki?" aliuliza kwenye simu. "Unaoa mke au unaoa askari?" Fundi alimsimulia Filimbi huku akicheka. Filimbi hakucheka. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, na alikuwa amesema atakuja mwenyewe kumpima huyo binti kwa macho yake. Siku gani, Filimbi hakuambiwa.

Walipofika mdomo wa njia ya chini, Redio alisimama ghafla.

"Mungu wangu, kalamu zangu! Nimeziacha mezani. Wewe tangulia, nakuja."

"Kalamu gani? Mbona umeshika kalamu?"

Redio aliitazama kalamu mkononi kana kwamba imemsaliti. "Hii ya bluu. Nasema nyekundu."

"Tulikubaliana nini kuhusu njia hii?"

"Kwamba hatuachani. Najua, dada mwenyekiti, najua! Lakini ni mchana, taa zinawaka zote, na wewe una filimbi inayomshinda refa. Nenda bwana, wali unapoa."

Filimbi alimwangalia. Redio alikuwa akijizuia kucheka, mashavu yamemvimba. Ana mambo yake, Filimbi aliwaza. Akashuka ngazi peke yake.

Ndani kulikuwa na baridi ya zege. Juu ya kichwa magari yalipita kwa ngurumo, taa zilitoa mwanga mweupe, nyayo zake zilimrudia kutoka ukutani. Alikuwa amefika katikati, pale palipo na kona ndogo ya kisanduku cha umeme, taa zilipozimika.

Zilizimika zote kwa pamoja.

Kwa wasichana wa bweni Filimbi alikuwa amelisema neno lile lile hadi likawatoka puani. Taa zikizimika, usiingie. Zikizimika ukiwa ndani, mgongo ukutani, filimbi mdomoni. Ukisikia filimbi ya mwenzako, acha ulichoshika, toka, nenda. Sasa alirudi nyuma kuutafuta ukuta, mkono ukiitafuta kamba shingoni, na kabla mgongo haujagusa zege, mikono miwili ilimtokea kwa nyuma ikamfumba macho.

Hakufikiri. Baadaye watu walimuuliza alifikiri nini, na jibu la kweli ni hilo: hakufikiri. Kisigino kilishuka juu ya mguu wa mtu. Kiwiko kilipanda. Kitu kikatoa sauti ya kuni kavu ikivunjwa, mtu akaguta, mikono ikaachia, na Filimbi akapuliza.

Ndani ya handaki lile filimbi haikulia tu, ilipasua. Ikagonga kuta, ikarudi, ikagonga tena. Na kutoka upande wa mabweni zikasikika nyayo. Za kandambili, za peku, za mbio. Mwanga wa tochi za simu ukaanza kurukaruka ukutani, na sauti za wasichana zikajaa pale ndani.

"Yuko wapi?"

"Huyo hapo chini! Mshikeni!"

"Msimwachie miguu! Kalieni miguu!"

"Ni mimi!" mtu alilia kutoka sakafuni. "Jamani, ni mimi! Fundi! Fundi wenu wa taa!"

"Ndivyo wasemavyo wote!" alijibiwa, na kikasikika kishindo cha ndoo.

Hapo ikasikika sauti nyingine, ya mwanamke mtu mzima, ikija mbio kutoka gizani upande wa pili. "Mwacheni! Mwacheni mwanangu! Mtaniulia mtoto, nyie mabinti hamna mama?"

Filimbi alisimama ameganda. Ile sauti ya sakafuni alikuwa ameisikia, lakini akili ilikataa kuipokea. Alipopata ulimi, alipiga kelele neno moja ambalo kila mtu mle ndani alikuwa akilitaka.

"Taa! Nani kazima taa?"

Gari kubwa lilipita juu, likaisha.

"Mimi," alisema Fundi.

Aliinuka kwa kupapasa, akafungua kisanduku, akabonyeza. Mwanga ulipowarudia, hakuna aliyependa alichokiona.

Fundi alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa mapenzi, na damu ya pua ilikuwa imelichora kutoka kola hadi tumboni. Juu yake, darini, kulikuwa kumetundikwa mistari ya taa ndogo ndogo za rangi ambazo hazikuwahi kuwashwa, na ambazo Filimbi, kwa uchovu, hakuziona akiingia. Wasichana walimzunguka, mmoja na ndoo ya kudekia, mmoja na pasi ya umeme yenye waya unaoburuzika, mmoja na povu la shampuu masikioni. Mama yake Fundi alisimama katika gauni lake la kutokea, mkoba umebanwa kifuani kama ngao. Na mlangoni kwa nyuma alikuwa Redio, viganja viwili mdomoni.

"Nilimwambia asikufumbe macho!" Redio alilia. "Wallahi nilimwambia azime taa tu, awashe za rangi, basi! Ya macho kajiongezea mwenyewe!"

Filimbi alimtazama Fundi. Alijua uso ule kuliko vitabu vyake, na wakati ule aliuona kama uso wa mtu wa mbali.

"Ulikuwa unafanya nini?" aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba, si yake.

"Nilitaka kukuchumbia," Fundi akasema, na damu ikamdondoka kidevuni.

Msichana mmoja alicheka. Ni kicheko cha hofu tu, kimemponyoka, na kilikufa hapo hapo. Kwa sababu katika ule ukimya uliofuata wote walisikia kitu kingine. Pumzi. Fupi fupi, za haraka, kama za mtoto mwenye pumu, zikitoka mbali kidogo, nyuma ya nguzo ya mwisho.

Redio ndiye aliyekuwa karibu. Alichungulia, kisha akageuka, uso umempauka.

"Filimbi. Njoo."

Nyuma ya nguzo alikaa msichana wa mwaka wa kwanza. Alikuwa ameketi chini kwenye maji machafu ya mfereji, mgongo umenyooka ukutani kabisa kabisa, filimbi imebanwa katikati ya meno. Macho yamemtoka. Mashavu yalikuwa yakivimba na kunywea, yakivimba na kunywea, na filimbi haikutoa hata mlio.

Filimbi alimjua. Wiki iliyopita tu alikuwa amempa filimbi ile mwenyewe, akamvisha kamba shingoni, akamtania kwamba sasa ni askari kamili. Alipiga magoti mbele yake.

"Ni mimi. Tazama, ni mimi. Taa zimewaka. Hakuna mtu mbaya humu. Umesikia? Hakuna mtu mbaya."

Msichana aliitema filimbi polepole. "Nilipuliza, dada," alinong'ona. "Nilifanya kama ulivyosema. Mgongo ukutani. Nikapuliza. Haikutoka. Hewa haikutoka." Halafu akaanza kulia kama mtu anayeomba radhi.

Hakuna aliyesogea. Aliyeshika ndoo aliiweka chini taratibu, asitoe sauti. Aliyetembea ni mama yake Fundi. Alipita katikati yao wote na gauni lake la kutokea, akaketi pale pale kwenye zege lenye maji, akavua mtandio wake na kumfunika yule binti mabega. Alimvuta tu kifuani.

Fundi alikuwa bado amesimama chini ya taa zake za rangi. "Sikujua kama kuna mtu mwingine ndani," alisema.

"Ulitazama?" Filimbi aliuliza.

"Nilikuwa nasikiliza viatu vyako. Nilisubiri viatu vyako tu."

"Nimekuuliza ulitazama."

"Sikutazama."

"Zile taa ni zangu? Uliziweka kwa ajili yangu peke yangu, ukitaka unawasha, ukitaka unazima?"

"Ilikuwa ni muda mfupi tu, mpenzi wangu. Nilitaka giza kidogo, halafu za rangi ziwake, ugeuke, unione, mama akuone..."

"Usiniite mpenzi hapa."

Mama yake Fundi alinyanyua kichwa kutoka chini alipokaa. Mama ni mama. Alikuwa amembeba mtoto wa mwenzake kifuani, lakini jicho lilikuwa kwenye pua ya wake.

"Binti, kosa amefanya, nimeona. Lakini na wewe! Mtu akikushika macho kwa mapenzi unamvunja pua? Hukuijua mikono ya mchumba wako? Mimi nilimwambia mapema, huyu atakupiga. Sasa tazama shati. Nimelishona mimi lile shati."

"Mama, mwache," Fundi alisema.

"Simwachi. Ajibu. Mikono ya mtu unayempenda huijui?"

Wasichana walimtazama Filimbi. Redio alifungua mdomo amtetee, Filimbi akamzuia kwa kiganja. Aliuweka mgongo ukutani. Kuna jambo alikuwa amelifungia tangu mwaka jana na kulikalia, akalifunika kwa filimbi, vikao na kelele. Sasa lilikuwa limesimama katikati ya njia, na kila mtu analingojea.

"Fundi," alisema. "Unakumbuka siku ya kwanza, uliniuliza nani aliumizwa huku?"

"Nakumbuka. Ulisema msichana mmoja."

"Ni mimi."

Redio alitoa sauti kama mtu aliyemwagiwa maji. Walilala chumba kimoja mwaka mzima. Alijua Filimbi anakoroma upande gani. Hili hakulijua.

"Taa zilikuwa hazipo," Filimbi aliendelea, akimtazama Fundi peke yake, kama vile akimtazama mwingine atashindwa kumaliza. "Nilikuwa natoka maabara. Alikuja kwa nyuma, na kitu cha kwanza alichofanya alinifumba macho. Mikono miwili, hivi. Ya joto. Nikadhani ni Redio ananitania." Aliishika kamba ya filimbi shingoni. "Nikacheka, Fundi. Mtu amekuja kunidhuru, na mimi nimesimama nacheka, nasema, najua ni wewe, niache. Nilicheka mpaka mkono mmoja ulipotoka machoni ukaja mdomoni."

"Basi," mama yake Fundi alisema chini. "Basi, mwanangu."

"Wanakwaya waliingia wakiimba, akakimbia. Hakunifanya zaidi ya hapo, nilibaki na mikwaruzo na begi limechanika. Watu wangesema, ah, hakufanywa kitu. Lakini mpaka leo hicho kicheko nakisikia. Sasa mama ananiuliza kama siijui mikono ya mchumba wangu." Alimgeukia yule mama, na hapakuwa na ujeuri sautini, uchovu tu. "Mama, kwa nyuma mikono haina jina."

Fundi alikuwa ameacha kuifuta damu. Ilimwagika tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungenitazama hivi unavyonitazama sasa."

"Ningejua, nisingethubutu..."

"Hapana! Hapo ndipo unapokosea." Kwa mara ya kwanza tangu taa ziwake sauti yake ilipanda, na zege likaibeba. "Ulikuwa huhitaji kujua kuhusu mimi. Uliambiwa kuna msichana mmoja, ukapanda ngazi. Nikakupenda kwa hilo! Kwamba hukuuliza ni nani, ni mtoto wa nani, alivaa nini, alikuwa anatoka wapi. Uliweka taa kwa ajili ya mtu usiyemjua. Halafu leo, kwa ajili yangu, umemzimia yule." Alimwonyesha binti aliyejikunyata kwenye mtandio. "Na yule umemjua?"

Fundi alimtazama yule binti. Mkono wake uliingia mfukoni, ukakigusa kisanduku kidogo cha pete, ukakiacha huko huko.

"Simjui," alisema.

"Leo usiniulize kitu chochote."

Wakamwinua yule wa mwaka wa kwanza, wakampeleka bwenini, kundi zima, na ndoo yao na pasi yao. Filimbi alitoka nao, hakugeuka. Nyuma yake alisikia Redio akilia na kujisema mwenyewe, na juu ya yote sauti ya mama yake Fundi, kavu kama mkasi: "Inamisha kichwa mbele, si nyuma. Bana pua. Mtu mzima mzima, hata damu hujui kuizuia."

*

Filimbi alikesha usiku kucha, na asubuhi hakula. Redio alimletea chai mara kwa mara, akaiweka, akaiondoa ikiwa imepoa, na kwa heshima ya msiba huo alikaa kimya asubuhi nzima, jambo ambalo bweni liliona la kutisha kuliko yote.

Ilipofika mchana uvumilivu ulimwishia.

"Yuko kule chini tangu alfajiri," Redio alisema. "Na mama yake. Usinipige."

"Anafanya nini?"

"Sijui. Kavunja ukuta. Na alikuja hapa mlangoni kumuomba msamaha yule mtoto, mbele ya matroni. Kasimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Hakukuulizia."

Hilo la mwisho lilimchoma Filimbi zaidi ya alivyotarajia. Akavaa viatu.

Mdomoni mwa njia ya chini, upande wa mabweni, mama yake Fundi alikuwa amekalia ngazi ya kwanza, ameshika bisibisi kama ashikavyo sindano. Taa zote zilikuwa zikiwaka. Zile za rangi hazikuwepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alimpima kwa macho, kutoka bega hadi bega, kutoka kiuno hadi kisigino, bila kuficha. "Kaa wima. Unainama. Mtu akikushonea nguo hivyo ulivyo itakupanda nyuma."

Filimbi alijinyoosha.

"Mimi sijakupenda bado," yule mama akasema. "Sitakudanganya. Una mdomo, una kiwiko, na umemharibia mwanangu pua iliyokuwa ya baba yake. Lakini jana usiku sikulala. Nilikuwa nawaza, mimi nina mabinti wawili kule nyumbani, na nimewafundisha kupika, kushona, kuamkia watu. Sijawafundisha kupuliza kitu." Akamnyooshea bisibisi. "Mpelekee. Anaisubiri."

Fundi alikuwa hatua kadhaa ndani, kwenye kisanduku kipya ukutani, plasta imemkaa katikati ya uso, macho yamevimba. Alimwona akija kwa mbele, na hata hivyo aliita kutoka mbali: "Niko hapa. Ni mimi," kabla hajafika. Filimbi alilisikia hilo, akalihifadhi.

"Nimehamisha swichi," Fundi alisema haraka, kana kwamba akinyamaza atafukuzwa. "Iko kwenye kisanduku cha chuma sasa. Kina sehemu ya kufuli. Nenda ukanunue kufuli, wewe au kamati yenu. Ufunguo usinipe. Nikitaka kuzima hata kwa matengenezo, lazima nije niombe, mje mkae milangoni, mtazame nani yuko ndani. Nimeshamwambia mkuu wangu wa matengenezo. Na la jana nimemwambia, nimepewa onyo la maandishi. Ni haki."

"Ungeweza kunyamaza. Hakuna aliyekushtaki."

"Yule binti alikuwa hawezi kupuliza," Fundi alisema, akapokea bisibisi, akafunga skrubu ya mwisho. "Usiku kucha nayaona mashavu yake. Sikuja kukuomba chochote, Filimbi. Kazi ilikuwa hii tu."

Akakusanya vifaa. Alikuwa anaondoka kweli. Filimbi aliona mabega yale mapana yamelegea, akaona plasta ile ya kijinga, na hasira aliyokuja nayo akaitafuta asiipate yote. Ilibaki nusu. Nusu nyingine ilikuwa hofu, hofu ya zamani, na hiyo haikuwa ya Fundi kubeba peke yake.

"Nahitaji kusindikizwa maktaba," alisema. "Redio ana kipindi."

Fundi alisimama. "Na mimi?"

"Tembea mbele yangu. Nikuone."

"Mbele kiasi gani?"

"Hapo hapo. Na uongee. Ukinyamaza nitaogopa."

"Niongee nini?"

"Wewe ni fundi. Ongea taa."

Basi wakatembea, yeye mbele na mfuko wa vifaa, Filimbi nyuma na filimbi kifuani, na Fundi akaongea taa. "Hii ilikuwa na panya. Kiota kizima, na vitoto. Hii waya wake uliwekwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Hii, nilipokuwa naibadilisha ulikuwa umeshika ngazi, ukaniambia nikianguka utanidaka. Nikakutazama ulivyo mwembamba, nikasema huyu muongo. Hii nayo sikuhitaji kuigusa, ilikuwa nzima. Niliifungua nikaifunga ili nisimalize kazi mapema."

Walipofika katikati, kwenye kona ile, Fundi alisimama. Hakugeuka.

"Filimbi."

"Nakusikia."

"Nina swali. Jana uliniambia nisikuulize, sikukuuliza. Leo ni leo. Lakini nitauliza hivi hivi, nimekupa mgongo, mikono yote unaiona." Akaweka mfuko chini, akainua viganja vyake viwili juu, kama mtu aliyekamatwa. Katika kimoja, kati ya vidole, pete iling'aa.

"Unaogopa kiwiko?"

"Sana," Fundi alisema kwa sauti ya puani. "Naomba nieleweke."

Na Filimbi akacheka.

Kilimtoka kabla hajakizuia, na alipokisikia alishika kifua. Kicheko kilikwenda hadi ukutani, kikagonga zege, kikarudi chini ya taa zile zote zinazowaka. Alikisikiliza kilivyorudi. Aliutazama ule mgongo uliosimama bila kusogea, zile mbavu zilizoacha kupumua zikingoja.

"Kasema nini?" mama yake Fundi aliita kutoka ngazini. "Semeni kwa sauti, huku sisikii!"

Filimbi aliitoa filimbi mdomoni. Hata hakujua aliiweka saa ngapi.

"Geuka, Fundi," akasema. "Polepole."